Jina la Vidal

Eleuterio Huaiquimil alichonga magongo ya palín, mchezo wa jadi wa Wamapuche, maisha yake yote, na kwa miaka ishirini alicheza akikabiliana na mtu mmoja tu, mzee Rosamel. Ndivyo palín inavyochezwa: kila mtu ana mwenzake wa upande wa pili, wanagombea mpira, kisha wanalishana nyama. Asipofika mmoja, mwingine hana wa kucheza naye. Na mwaka huu Rosamel, mapafu yake yakiwa yamechoka, alitangaza kwamba anacheza kwa mara ya mwisho.

Tatizo lilikuwa kituo cha polisi njiani kwenda uwanjani. Kilisimama palepale ilipokuwa ngome ya wanajeshi waliompokonya babu yake Eleuterio ardhi. Ngome ilibomolewa, kazi ikabaki ileile: kila Huaiquimil alishushwa garini.

Segundo, mdogo wake, hakushushwa. Alikwenda mahakamani akabadili jina, akawa Vidal. Eleuterio alimdhihaki mbele za watu, lakini moyoni alimwonea wivu hadi chakula kikakosa ladha.

Jumapili hiyo walikuwa kwenye pikapu ya Segundo. Afande akasoma vitambulisho.

"Vidal, pita. Wewe mzee, shuka. Magongo yote haya mnakwenda kumpasua nani, ninyi Wamapuche?"

"Ni ya mchezo, afande."

"Mchezo! Kaa chini hapo."

Segundo akachungulia dirishani. "Kaka, nawahi kumwambia mzee Rosamel akusubiri. Ikishindikana, nitasimama mimi mahali pako."

Mahali pangu! Jina amepata, njia amepata, sasa anamtaka na Rosamel? Eleuterio alimwona akilini mdogo wake akilishwa ile nyama, damu ikamchemka.

"Afande," akasema, "huyo si Vidal wala nini. Ni Huaiquimil, baba mmoja mama mmoja na mimi. Na nusu ya magongo ni yake."

Segundo aliburutwa nje, akapigwa ngumi mdomoni, akakalishwa kwenye kokoto kando ya kaka yake, mikono kisogoni. Kwa dakika nzima Eleuterio alifurahi, tena alifurahi sana. Hatimaye walikuwa sawa.

"Umeridhika, kaka?" Segundo alitema damu. "Haya, sasa nani atakwenda kumwambia yule mzee?"

Ng'ambo ya bonde filimbi zilianza kulia, wachezaji wakiitwa wajipange. Rosamel alikuwa ameshika nafasi yake, gongo mkononi, na mbele yake hapakuwa na mtu.