Marathoni ya Ukweni

Uamuzi wa kukimbia marathoni niliufanya nikiwa nimeketi, tena nimeshiba. Ilikuwa siku ya kwanza ya Januari, nyumbani kwetu mtaa wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, na kifungo cha suruali yangu ya sherehe kilikuwa kimefyatuka na kutua kwenye sahani ya mke wangu. Alikiokota, akakifuta, akakiweka kando ya glasi yangu, akaendelea kula. Upole ule ndio ulioniuma. Nikatangaza mbele ya watoto, majirani na baba mkwe, aliyekuwa mgeni wetu, kwamba kabla mwaka haujaisha nitakimbia kilomita arobaini na mbili.

"Na mita mia moja tisini na tano," akaongeza baba mkwe. Alikuwa mkaguzi wa njia ya reli mpaka alipostaafu, na hapendi umbali ukatwe mkia.

Mimi nafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Umbali nilikuwa naujua ubaoni. Nilipoanza mazoezi ndipo nilipoujua kwa magoti. Pale Bel-Air, mtu mzima anayekimbia bila kubeba kitu huhesabiwa kuwa mtu mwenye shida, na waendesha pikipiki za abiria walinionea huruma. "Papa, uko na haraka? Panda!" Nikikataa, walikuja kando yangu polepole wakisubiri nichoke. Walijua kazi yao. Mara tatu nilirudi nyumbani nimepakiwa. Baadaye nikahamishia mazoezi yangu mtaa wa Golf, kwenye miti na majumba makubwa, ambako watu hukimbia kwa kupenda na hakuna anayewauliza. Huko kulikuwa na mbwa mmoja mweupe ambaye lango lake halikufungika vizuri. Kasi yoyote niliyo nayo leo nilifundishwa naye.

Kufikia Novemba niliweza kukimbia kilomita thelathini, kama utakubali kuliita jambo lile kukimbia. Nikajiandikisha katika mbio za Jumamosi ya mwisho ya mwaka, mjini Ndola, upande wa Zambia. Mpango ulikuwa mzuri. Alhamisi nifike Sakania, mjini kwa wakwe zangu, karibu na mpaka. Ijumaa nivuke. Jumamosi nikimbie, na Jumapili nirudi Sakania kufunga mwaka pamoja na mke wangu na watoto, ambao wangekuja nyuma yangu.

Nilisafiri kwa gari la abiria aina ya jeep, katika matope ya Desemba. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye asili ya Butembo, mfanyabiashara wa jumla, akipeleka vitunguu Sakania. Aliviangalia viatu vyangu nilivyovining'iniza shingoni.

"Papa, unaenda kukimbia Zambia?"

"Ndiyo, mama."

"Nani anakukimbiza?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Tunazunguka, kisha tunarudi pale tulipoanzia."

Tulivuka madimbwi mawili makubwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemshauri mgonjwa, "Si ungebaki tu pale pale?"

Gari liliponasa, yeye ndiye aliyeshauri mkimbiaji awe wa kwanza kusukuma.

Ijumaa asubuhi nilifika mpakani nikiwa nimenyoa ndevu na kuvaa vizuri. Ofisa alifungua pasipoti, akanitazama, akaitazama tena, akaigeuza juu chini kama anayetafuta upande wenye maana.

"Papa, huyu njo weye?"

Nikainama kuangalia. Mke wangu alikuwa ananitazama kutoka kwenye picha, amesuka nywele.

"Haina mimi," nikasema. "Iko bibi yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Lubumbashi."

"Na passeport yako?"

"Lubumbashi. Iko na bibi."

Ofisa akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akamwita mwingine. Walisimama watatu, wote wamekunja uso kwa heshima, hawakucheka hata kidogo. Kisha mmoja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikajibu kwamba nafundisha jiografia, nchi na mipaka yake. Hapo walishindwa kujizuia.

Nilirudi kwa wakwe zangu nimejikunja kama mwavuli. Baba mkwe alikuwa barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na filimbi yake ya kazini na bendera mbili, ya kijani na nyekundu.

"Mukwe, usilie," alisema. "Reli haiombake passeport. Kila kilometre iko na nguzo yake, mi mwenyewe nilikuwa nazipaka rangi. Kesho utakimbia hapa hapa, nguzo makumi mbili na moja kwenda, nguzo makumi mbili na moja kurudi. Zile mita za juu nitakupimia."

Tatizo lilikuwa kaptula yangu. Niliinunua Golf, kwa ajili ya watu wa Golf: ya kijani, ya kung'aa, na fupi. Kwetu sisi, watu wa kaskazini ya Katanga, mkwe wa kiume hukaa mbali na mama mkwe kwa heshima. Hatukaziani macho, hatuli meza moja, na kwa miaka kumi na sita ya ndoa nadhani mama mkwe alikuwa ameuona uso wangu kwa ubavu tu. Sasa nipite uani kwake nimevaa kitu kama kile?

Jioni alimtuma baba mkwe alete ujumbe. "Mama anasema miguu ya mukwe haimuhusu. Lakini majirani bako na macho." Pamoja na ujumbe akaleta suruali ya zamani ya kazi ya baba mkwe, ya bluu, nene, yenye mifuko ya kutosha nyundo mbili. Ilinipwaya. Tuliifunga kwa kamba. Kaptula nikaivaa ndani, kwa siri, ili nijisikie mwanariadha.

Jumamosi kulipopambazuka baba mkwe akapuliza filimbi, akainua bendera ya kijani, nikaondoka. Yeye alinifuata kwa baiskeli kwenye kijia kilicho kando ya reli. Kilomita tano za kwanza nilijiona kijana. Kisha tukafikia nyumba za watu waliomfahamu, na nikagundua jambo ambalo hakuna mkufunzi anayelisema: ukikimbia na baba mkwe, huwezi kuwapita watu bila kusalimia. Filimbi ililia, bendera nyekundu ikapanda, nikasimama.

"Huyu njo mukwe wangu," alisema kila kituo. "Hakuna muntu anamukimbiza. Iko anakimbia vile tu."

Watu walinipa pole. Mzee mmoja alitaka kujua kama ni adhabu ya kanisa. Mama mmoja alinipa muhindi wa kuchemsha, na nisingeweza kukataa mbele ya baba mkwe, nikaula hadi gunzi. Kwenye nguzo ya kumi na nne tuliingizwa ndani, tukakalishwa, tukaulizwa habari za Lubumbashi kuanzia umeme hadi bei ya unga. Nilipoinuka miguu ilikuwa imesahau tulikuwa tunafanya nini.

Tulipogeuka kurudi, mvua ikanyesha. Sisemi manyunyu. Suruali ya bluu ilikunywa maji yote yaliyokusudiwa kwa ajili ya mahindi ya Sakania. Ikawa nzito, ikaanza kushuka, na kamba ikalegea. Nikaishika kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili. Kilomita kumi za mwisho nilikimbia hivyo, viwiko nje kama kuku aliyetoka kwenye pipa la maji, huku nyuma yangu mzee akiimba nyimbo za misa na kunikumbusha nguzo zilizobaki.

Mwisho ulikuwa langoni pa ua wao. Kwa mita mia moja tisini na tano za ziada, baba mkwe alinishusha hadi kisimani na kunirudisha, akihesabu hatua. Nilipoiona nyumba nikaona pia mtaa mzima umekusanyika, na mbele yao mama mkwe, amevaa kitenge kipya. Alikuwa ametupa mgongo, kwa heshima, na anapiga makofi kwa nguvu kuelekea ukutani. Wanawake wakapiga vigelegele. Filimbi ikalia.

Ningepaswa kufikiri. Lakini mtu aliyekimbia marathoni hafikiri, na katika picha zote nilizowahi kuona, mshindi huinua mikono. Nikainua mikono.

Suruali ilifika chini kabla yangu. Nilichukua hatua moja na nusu ndani yake, kisha nikalala kifudifudi mbele ya watu, nimebaki na kaptula ya kijani inayong'aa. Vigelegele vilikatika. Kisha kukawa na kelele ambayo nadhani ilisikika hadi Ndola.

Mama mkwe peke yake hakuona kitu. Alibaki amegeukia ukuta, anapiga makofi, anauliza, "Kumefanyika nini? Amefika? Juu ya nini munacheka?" Watu wakazidi kucheka. Baba mkwe alinifunika kwa bendera mbili, ya kijani mbele, nyekundu nyuma, akaangalia saa yake.

"Saa sita na dakika makumi mbili," alisema. "Train ya mizigo ingefika mbele yako. Lakini umefika."

Mke wangu alikuja kesho yake mchana na watoto. Mama yake alimvuta jikoni kabla hajavua viatu, akafunga mlango. Nilikuwa nimelazwa barazani kwenye mkeka, miguu juu ya stuli, na kupitia dirishani nilisikia mke wangu, ambaye majirani walikuwa wamekwisha kumsimulia njiani, akimweleza mama yake mwanzo hadi mwisho. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote ile: mama mkwe anacheka, anapiga meza, anaomba maji, anacheka tena. Jioni aliniletea mwenyewe sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na kuku, akaiweka chini karibu nami akiwa ameangalia pembeni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Katika misa ya kufunga mwaka nilipiga magoti na sikuweza kuinuka. Waumini walisimama, wakakaa, wakasimama, mimi nimebaki chini. Padre alipopita alinigusa kichwa, nadhani alifikiri ni toba.

Siku ya kwanza ya Januari baba mkwe aliniamsha asubuhi tukanyooshe miguu. Tulienda relini. Nilishuka ngazi za baraza kinyumenyume, nimeshikilia ukuta. Yeye alikuwa tayari yuko mbele, akiruka mataruma ya reli mawili mawili, mikono nyuma, bila kutokwa na jasho. Kila baada ya nguzo alisimama akanisubiri, akijifanya anakagua njia.