Anayeumwa kwa Mshahara

Hebu mwone anavyoingia. Ni asubuhi, geti la chuo cha udaktari liko wazi nusu, na mwanamke mmoja anakuja na mkoba begani, mzima wa afya, anatembea kama mtu aliyelala vizuri. Mlinzi anamwuliza swali lake la kila siku.

"Dada, leo unaumwa nini?"

"Leo nina mawe kwenye figo. Niombee."

Mlinzi anacheka, anampisha. Dada akikata kona ya maabara mgongo unaanza kupinda, mkono unashika kiuno, na akifika kwenye chumba cha mazoezi hata wewe ungempisha kwenye kiti chako.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wanafunzi wa udaktari, kabla hawajaachiwa wagonjwa wa kweli, hujifunzia kwake. Wanamhoji, wanampima, wanampa habari mbaya, naye analia, au anakasirika, au anaficha jambo, inategemea siku hiyo amepangiwa nini. Wakimaliza anauvua ugonjwa kama koti na kuwaambia alivyojisikia: wewe ulikuwa unatazama saa yako, wewe ulipovuta kiti karibu ndipo nikaweza kusema.

Alisomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Baba yake ni fundi seremala. Alipopewa habari hiyo alimaliza kwanza ubao aliokuwa akiupiga randa, ndipo akauliza kama chuo kizima hakikuwa na kitu kingine. Watu wanaigiza bure kila siku, alisema, na hawana cheti. Lakini hakumzuia.

Binti alidhani atafundishwa kupaza sauti. Badala yake, muhula wa kwanza mhadhiri aliwapeleka stendi ya mabasi, wakae tu, watazame watu wanavyoinuka. Nani anatanguliza mkono, nani anatanguliza kichwa, nani anajifanya hana haraka kumbe goti linamuuma. Aliwaambia watazame mikono kwanza, maana uso wa mtu huwa umeshajiandaa.

Walipohitimu walitawanyika. Mmoja anasoma habari redioni, mwingine anafunga taa kwenye mikutano mikubwa, na yupo aliyekwenda kufundisha shule ya msingi. Nasikia darasani kwake hakuna anayesinzia. Binti huyu alizunguka na kikundi cha maigizo mpaka kikavunjika, kisha akasikia chuo cha udaktari kinatafuta watu wa kuumwa. Baba alicheka hadi akakohoa. Yaani miaka yote hiyo ya masomo, mtu aje kuumwa?

Sasa basi. Mwaka jana binti akaona kitu. Kila akitoka kazini hupitia karakana ya baba yake warudi nyumbani pamoja. Mzee akipiga randa alianza kusimama katikati ya ubao, analigeuza randa lake, analitazama, anasema limekuwa butu. Kesho yake butu. Kesho kutwa butu tena, na asubuhi hiyohiyo limenolewa. Njiani, kwenye kilima, alikuwa akisimama kusoma simu, na simu yenyewe haijalia. Na kila mara mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa kifuani, kama wa mtu aliyebeba kitu kwapani.

Alimwambia waziwazi twende ukapimwe moyo. Mzee akakataa.

"Usiniletee jukwaa hapa, mama. Wewe unashinda na magonjwa ya uongo, sasa unayaona hata kwa wazima."

Akambembeleza, akamnunia, mzee ni yuleyule. Na binti hakuwa na amani, kwa sababu ugonjwa ule aliujua vizuri. Alikuwa akiuigiza tangu mwaka uanze, akasifiwa, na alijua mtu akiupuuza unaishia wapi.

Ikawa mlango wa chumba cha mazoezi unakwaruza sakafu. Akajitolea kumleta fundi. Mzee akaja na begi lake la vifaa, akapanda ngazi akisimama njiani kusoma simu, akakuta somo linaendelea. Daktari anayefundisha, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamwomba akae nyuma asubiri.

Mbele, kwenye kiti cha mgonjwa, alikuwa binti yake. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye woga, akamwuliza anaumwa wapi. Akasema kifua. Kisha akashika mbavu za kulia, chini kabisa, akaguna. Akaeleza kwamba humjia akilala, na akitembea hupona.

Mzee akaanza kujisogeza kwenye kiti. Unajua fundi anavyokuwa akiona kazi inaharibiwa mbele ya watu, na anayeiharibu ni mwanawe wa kumzaa. Akasubiri ajirekebishe. Binti akaguna tena, palepale.

"Siyo hapo," mzee akasema.

Watu wote wakageuka.

"Siyo hapo, mama. Inabana hapa katikati, kama mtu amekukalia. Halafu inapanda kwenye taya, inashuka mkono huu. Na haiji ukilala, inakuja ukipanda ngazi. Ukisimama kidogo inaachia."

Yule mwanafunzi aliweka kalamu chini. Akamfuata mzee kule nyuma, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, imekuanza lini?"

Mzee akafungua mdomo aseme ni habari za watu wengine. Akamtazama binti yake. Alikuwa ameacha kuumwa, amekaa wima, mikono magotini, anamsubiri.

"Tangu mvua zilizopita," akajibu.

Alipimwa siku hiyohiyo. Mishipa ya moyo ilikuwa imeanza kuziba, lakini daktari akasema amewahi. Sasa anameza dawa zake, mbao nzito wanabeba wengine, na mlango ule haukwaruzi tena. Wateja anawaambia binti yake anafundisha madaktari.

Ila kuna kitu bado kinamkera. Wakikaa kunywa chai jioni, lazima akirudie.

"Lakini siku ile uliigiza vibaya, mwanangu. Uliniaibisha."

"Hata wewe huwa unaharibu ubao, Baba," binti anasema, na kumwongezea chai.

Ungekuwa wewe ndiye unayemimina chai hiyo, ungemwambia kwa nini ulishika mbavu za kulia?