Kwa Dada Asiyepokea Simu

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya hofu. Dada yangu Zaituni, aliyeolewa Bujumbura, alikuwa ananiandikia kila siku: amepika nini, mvua imenyesha vipi. Lakini nikimpigia, hapokei. Baada ya dakika moja ujumbe unaingia: "Kuna kelele hapa, niandikie." Miezi minane hivyo. Nikaanza kujiuliza kama anayeandika ni yeye kweli.

Alfajiri nilipanda gari la Manyovu, mpakani nikagongewa muhuri. Sikumwambia kwamba naja. Kama kuna mtu anayetumia simu ya marehemu, nilitaka nimkute nayo mkononi.

Kuanzia Nyanza-Lac barabara inafuata ziwa. Tulipofika Rumonge abiria walishuka kununua mawese. Mimi sikuweza hata kunywa maji. Nilimwandikia, "Uko wapi?" Akajibu upesi: "Nyumbani, nafua." Hofu haikupungua.

Saa tisa alasiri nilifika kwao, mtaa wa Kinama, Bujumbura. Uani mwanamke ameinamia beseni, amenipa mgongo. Mgongo ule naujua.

"Dada!"

Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia. Hakugeuka.

Mumewe, Kassim, akatoka ndani. "Hasikii, shemeji," akasema taratibu. "Ile homa ya mwaka jana ilimukamata sana, masikio yakafunga. Mi nilimuambia akwambie. Akasema apana, utalia."

Nilimgusa bega. Zaituni alishtuka, akaniona, akapiga yowe la furaha. Kisha akanitazama usoni, akajua kwamba nimeshaambiwa. Akafuta mikono, akachukua simu. Tulikaa mkeka mmoja, magoti yanagusana, naye ananiandikia: "Usikasirike."

Nikaitoa simu mkononi mwake. Nikasema polepole, "Umekonda."

Alitazama midomo yangu. Niliporudia mara ya tatu akacheka: "Na we umenenepa!"

Siku nne tulizungumza hivyo, na ilichosha. Nilisahau, nikawa naongea huku nimegeukia jiko. Yeye alikata tamaa, akalia, akaomba simu yake. Mara mbili nilimpa.

Asubuhi ya kurudi niliwaza garini: kwa miezi minane nilijua kila alichokula, na sikujua kwamba hasikii. Alisimama chini ya dirisha langu. Injini ikanguruma, nikamwambia nitakuja tena baada ya mavuno. Abiria wa kando yangu akauliza, "Unasema nini?" Zaituni alikuwa ameshaitikia.