Moshi Alioufunika Mama

Muganga wa dispensaire alimwambia mama wazi: kifua chako kimejaa moshi, ukiendelea hivi hutamaliza mwaka. Umeme hapa Kabondo unakuja unapotaka wenyewe, kwa hiyo tumaini letu lilikuwa moja: jiko la gesi. Kaka yangu anayeishi Ulaya alikubali kulinunua, lakini alitaka kwanza aone kwa macho yake, kwenye simu, mama anapikaje.

Basi nikaanza kununua mega za intaneti. Pesa ya makala, yaani makaa ya kupikia, ikaishia kwenye mega na kwa jirani mwenye jenereta anayetuchajia simu, sisi tukapikia kuni mbichi. Mama akazidi kukohoa. Nilijiambia ni kwa siku chache tu, mjinga mimi.

Siku ya simu ya video nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikakuta moto umezimwa kwa maji. Jikoni kumefagiwa, mbabula, jiko letu la makala, imefichwa nyuma ya choo, sufuria za jirani zinang'aa mezani, na mama kavaa kikwembe chake cha Noeli. Kwetu, watu wa mto, mzazi hamwonyeshi shida mtoto aliye mbali. Ukimwonyesha, unamfungia njia, mambo yake huko hayatafanikiwa. Desturi hiyo naijua tangu utoto, na bado sikuifikiria.

"Mama, muko namna gani?" kaka akauliza kwenye simu.

"Tuko bien, mwana yangu. Shida hakuna."

Nikafungua mdomo. Akanifinya paja, nikanyamaza. Hadi leo sijajisamehe.

"Kumbe kwenu kuzuri hivi," kaka akasema akicheka. "Mulinitisha bure."

Gesi haikuja. Baada ya miezi miwili alimpa msafiri mmoja atuletee simu mpya, kubwa, ili yeye amwone mama vizuri. Inakula mega na chaji kuliko ile ya zamani. Mama anaisifu kanisani kwa kila mtu. Mimi nikiiona tu, roho inanichemka.

Wiki iliyopita kaka alipiga bila kutuarifu, mama akiwa ameinamia kuni zilizonyeshewa. Nilimpelekea simu mbio, makusudi, asipate nafasi ya kuficha kitu. Leo ataona, nilijisemea. Mama akaibana usoni kabisa, jiko lote likapotea nyuma ya kichwa chake, akameza kikohozi. Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka mashavuni.

Kaka akasogea karibu na kamera.

"Usilie, mama," akasema. "Mimi pia nakukumbuka sana."