Mkebe wa Waceke

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mke wangu Waceke alifungua mkebe wa kahawa, akaweka pua, akafunga.

"Imekufa," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Kahawa yenyewe aliikaanga juzi tu. Nikachukua mkebe mkononi mwake, nikanusa. Ilinukia kama siku zote.

"Mbona iko sawa, Mama Kihara?"

"Wewe pua yako ni ya samadi. Umeshinda na samadi ya Loresho miaka hii yote. Utajua nini?"

Tukacheka. Halafu akatoka nje akaimwaga yote nyuma ya choo. Hapo sikucheka.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Tulikuwa tunakaa Kangemi, chumba kimoja na pahali pa kupikia. Mtoto wetu Kihara alikuwa ameenda Nakuru kutafuta kazi. Mimi nilitunza bustani Loresho, kwa Navin na mke wake Vimla, na Waceke alifua nguo hapo hapo.

Vimla alikuwa mtu wa kahawa. Ndugu za Navin wote walikunywa chai, lakini yeye kwao alikozaliwa walikunywa kahawa, na hakuweza kuacha. Waceke alizaliwa Kiambu katikati ya mashamba ya kahawa. Alichuma tangu mdogo mpaka kucha zikawa nyeusi. Kuionja hakuwahi. Kule kahawa ilitoka shambani ikaenda kiwandani, ikaishia hapo. Aliionja mara ya kwanza jikoni kwa Vimla, amesimama, kikombe mikono miwili.

"Kumbe ndiyo hii?" akasema.

Vimla akamfundisha kukaanga. Baadaye Waceke akawa anakaanga nyumbani kwetu, na nyumba kadhaa za Loresho zikawa zinachukua kwake. Balbir pia, mwenye gereji karibu na Adams Arcade, alichukua. Navin ndiye alimpatia kahawa mbichi kutoka kwa duka lake mjini.

Kukaanga wengi wanaweza. Kuweka ndiyo kazi. Kahawa ikitoka motoni aliipoza kwa uteo. Halafu iliingia kwa mkebe, lakini hakukaza kifuniko siku hiyo.

"Iache ipumue," alisema. "Ukiifunga na joto lake itasukuma kifuniko."

Siku ya pili ndiyo alikaza, akazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli ambao Balbir alimkatia. Mkebe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, lakini aliuosha kwa jivu na maji ya moto na kuuanika juani mpaka harufu ya mafuta ikaisha kabisa. Alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda. Mkebe ulikaa humo, mbali na dirisha, mbali na jiko, mbali na sabuni na vitunguu na mafuta ya taa. Hakusaga mpaka siku ya kunywa. Na hukutia mkono wenye maji kwa mkebe wa Waceke ukabaki na amani.

Kwa Vimla pia ilikuwa hivyo. Adui yake alikuwa hing, ile ambayo watu wa pwani wanaita mvuje. Wahindi wanatia kidogo kwa dengu. Harufu yake inapita ukuta. Vimla aliiweka jikoni, mkebe ndani ya mkebe ndani ya mkebe. Kahawa aliiweka chumbani, kwa kabati ya sari.

"Nyumba hii kahawa iko na chumba ya kulala," Navin aliniambia siku moja. "Mimi karibu natupwa kwa stoo."

Mvuje ikifunguliwa, Waceke alijua tukiwa bado barabarani. "Leo Mama anapika dengu," alisema, kabla hata ya kuona geti. Hakukosea. Watu walinunua kahawa, lakini walichokuwa wananunua hasa ni pua yake. Yeye mwenyewe alijua hivyo. Ndiyo maana aliogopa.

Jumamosi iliyofuata akafungua mkebe wa kahawa mpya. "Imekufa."

Akaosha mkebe upya kwa jivu. Akabadilisha tyubu. Akakaanga nyingine. Imekufa. Akatoa sanduku chini ya kitanda, akaliweka juu ya rafu. Imekufa. Kila mara nilinusa baada yake, na kila mara ilinukia. Nikaacha kumwambia, kwa sababu nikisema alinitazama vibaya, kama nimeungana na wezi.

Akamgeukia jirani yetu Syokimau. Chumba chake kimeshikana na chetu, ukuta ni mbao.

"Syokimau, umefungua mkebe wangu?"

"Mimi? Nifungue natafuta nini? Mimi nakunywa chai ya maziwa. Hiyo kitu yako nyeusi ni dawa ya mbuzi."

"Kuna mtu anaingia kwangu."

"Basi ni huyo mume wako Dedan. Muulize anakunywaga na nani."

Siku nyingine wangecheka wote wawili, maana walitaniana tangu zamani. Siku hiyo Waceke hakucheka. Alisimama mlangoni anamwangalia Syokimau mpaka Syokimau akaingia ndani akafunga mlango.

Halafu ikaja ile harufu.

"Nani anachoma manyoya?" aliuliza tukila chakula cha mchana.

Hakuna mtu alikuwa anachoma kitu. Nilitoka nje nikaangalia, nikarudi. Akasema imeisha. Kesho yake ikaja tena. Manyoya ya kuku, alisema, yanaungua. Ilikuja inakaa kidogo, inaenda. Ikimjia alinyamaza, macho yake yanasimama pahali pamoja, kisha anameza mate.

Jumapili tukiwa kanisani, watu wamefumba macho, mchungaji anaomba, Waceke akasimama.

"Tokeni!" akasema kwa sauti. "Kunaungua!"

Wengine walitoka mbio. Wakazunguka kanisa, hawakuona moshi. Wakarudi wakakaa, na benchi yetu ikabaki na nafasi pande zote mbili.

Baada ya hapo watu waliongea. Wengine walisema ametumiwa kitu na mtu wa biashara. Wengine walisema ni mimi. Kuku wa jirani walichakura nyuma ya choo, pale kahawa ilikuwa nyeusi chini kama changarawe.

Jioni moja nilimkuta anafurahi. Alikuwa hajafurahi siku nyingi.

"Baba Kihara, njoo. Imerudi."

"Nini imerudi?"

"Kahawa. Nimepata pahali pazuri. Hakuna mtu ataifikia. Nusa."

Alikuwa amefungua mkebe mbele yangu, anatabasamu. Nikanusa. Mafuta ya taa yakanipanda mpaka machoni.

Alikuwa ameuficha kwenye pembe, nyuma ya debe la mafuta ya taa. Debe lilikuwa linavuja. Mkebe wenyewe ulikuwa umelowa chini, na kifuniko hakikuwa na tyubu.

"Si imerudi?" akauliza.

Nilimwangalia. Alikuwa ananingoja.

"Tuipeleke kwa Vimla," nikasema.

Vimla alifungua mkebe mezani, akarudisha kichwa nyuma. Hakumwangalia Waceke. Aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia chini. Akaenda jikoni, akarudi na ule mkebe wake mdogo. Akafungua kifuniko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na nilisikia mvuje kama nimepigwa. Akauweka chini ya pua ya Waceke kabisa.

"Waceke. Hii nini?"

Waceke akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Ni unga?" akasema. "Unga wa nini, Mama?"

Vimla akarudisha vifuniko polepole, kimoja kimoja.

"Kesho Navin iko na gari," akaniambia. "Nyinyi wawili nakwenda hospitali."

"Mimi si mgonjwa," Waceke akasema. "Ni kahawa ilikuwa mgonjwa, na imepona."



Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari alituita ndani. Alisema kuna kitu kimemea nyuma ya paji la uso, ni cha zamani, kimekuwa kikubwa. Kimelalia pale harufu inapita. Ile ya manyoya inatoka humo humo kichwani. Alisema kukitoa ni hatari na kukiacha ni hatari.

Waceke aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo kahawa haikuwa imekufa?"

Daktari hakuelewa. Akanigeukia mimi.

"Haikuwa," nikasema.

"Zote nilizomwaga?"

"Zote zilikuwa sawa."

Tukarudi kwa gari la Navin mpaka Westlands. Hapo akasema, "Nitamwomba Syokimau msamaha." Na alimwomba. Syokimau alilia kuliko yeye.

Tukaambiwa tungoje siku ya kupasuliwa. Tukingoja, alitaka kukaanga. Nilikataa, akakasirika, nikakubali. Alikaa kwa kiti kidogo mbele ya jiko, kitambaa kimebana kichwa kwa sababu ya maumivu. Alisikiliza kahawa ikipasuka. Rangi aliiona. Harufu aliniuliza mimi.

"Sasa?"

"Bado."

"Usinidanganye, Dedan." Jina langu hakuwa na kawaida ya kuliita.

"Bado. Sasa. Toa."

Akamwaga kwa uteo. Akapepeta. Akaniambia nisikaze kifuniko mpaka kesho, kana kwamba sijui. Nikamwambia sawa.

Siku ya kupasuliwa haikufika. Tulimzika Kiambu wakati wa mvua, udongo unashika viatu.

Hiyo ni zamani. Navin na Vimla walihamia Karen kwa mtoto wao. Mimi nilibaki Kangemi, chumba kile kile, na Syokimau bado yuko upande wa pili wa mbao. Kihara anataka nihamie Nakuru. Sijaenda. Nakaanga kidogo, ya kunywa mwenyewe, na ya Vimla akituma dereva. Naweka kama Waceke alivyoweka. Sanduku lile, mkebe ule. Jumamosi nafungua, naweka pua, na kwa muda mfupi Waceke yuko hapa chumbani. Sina picha yake nzuri. Nina hiyo.

Jumamosi hii nilifungua mkebe. Sikusikia kitu.

Nikasema ni mkebe. Nikamwaga kahawa kwa uteo, nikaosha mkebe kwa jivu, nikauanika. Tyubu ilikuwa nzima. Nikachukua kahawa chache nikasaga, nikanusa kiganja. Hakuna. Sina mafua. Nikafungua debe la mafuta ya taa, nikainama juu yake. Nikainama tena.

Nikarudisha kahawa kwa mkebe, nikaenda kugonga mbao.

"Nini tena?" Syokimau akasema akija, anapangusa mikono kwa leso. "Mzee, umechoma nini?"

"Nusa hii."

Akaweka pua. Akacheka.

"Mimi ninuse nini na hii kitu imeniamsha asubuhi? Inanukia mpaka kwangu. Safari hii umekaanga kama Waceke mwenyewe."

Mkebe ulikuwa mkononi mwake bado. Akanitazama, na kicheko kikamwisha usoni. Akaangalia mkebe, akaangalia jivu nililomwaga mlangoni, akaangalia debe la mafuta ya taa, wazi katikati ya chumba.

Akafunga kifuniko polepole.

"Baba Kihara," akasema. "Tangu lini?"