Maji ya Maganda ya Vitunguu

Mdogo wangu alianza kuchemsha maganda ya vitunguu wiki ile tuliyorudi kutoka Lubumbashi na picha za kichwa cha mama. Daktari alikuwa ametuonyesha uvimbe ndani ya ubongo, akasema kupasua kunawezekana hapohapo kwake, na mapema ni bora. Akaongeza kwamba mama akianza kutapika asubuhi, tusingoje miadi. Mdogo wangu aliitikia kila neno, kisha akaomba turudi kwanza nyumbani Likasi tukafikiri.

Yeye ni mchimbaji. Mimi nafundisha kemia sekondari. Alikuwa amepata ujumbe wa sauti katika kundi la simu la wanakwaya: ndani ya mimea mna vitu vinavyoitwa flavonoidi, vinaua uvimbe wa ubongo, na maganda ya kitunguu chekundu yamejaa hivyo vitu. Akaniuliza kama ni uongo. Ungekuwa uongo mtupu, kazi yangu ingekuwa rahisi. Maganda hayo yanazo kweli, na watafiti wanazijaribu kweli. Lakini kuua chembe za uvimbe katika kichupa cha maabara ni jambo moja, nikamwambia, na kumponya mtu ni jingine. Nyingi huvunjwa mwilini baada ya kumezwa, na ubongo una ukuta wake, haupokei kila kinachobebwa na damu.

"Basi ni teneur tu, yaya," akasema, akiniita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Inakosa teneur."

Teneur ni kiasi cha shaba kilichomo katika jiwe, na hapa kwetu mtoto hulisikia neno hilo kabla hajajua kusoma. Jiwe likiwa hafifu, mchimbaji halitupi. Hulitwanga, akaliosha mtoni, uchafu ukaenda na maji, mali ikabaki. Basi mdogo wangu akajaza maganda katika gunia lake la madini, wauza vitunguu sokoni wakimshukuru kwa kuwafagilia, akayachemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka maji yakawa mekundu na mazito. Nyumba yote ilinuka. Nilisimama mbele ya darasa nikinuka kitunguu, na wanafunzi wakawa na adabu ya kutosema kitu.

Kila asubuhi alimpelekea mama kikombe, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kiishe. Mama alikunywa taratibu, amekunja uso kama mtu anayemeza kwinini.

Kisha akaanza kutapika. Nikasema twende Lubumbashi leo. Mdogo wangu alitazama ndani ya beseni, akaridhika.

"Unaona? Uchafu inatoka. Tukinawisha majiwe, maji chafu njo inaendaka ya kwanza. Tungoje kidogo."

Nilikasirika. Nilimwambia kichwa cha mama si karai la kuoshea mawe, kwamba uvimbe unaubana ubongo, na kwamba akingoja atamzika. Mfa maji haachi kutapatapa, najua, lakini huyu alikuwa akizama na mama yetu mkononi.

Mama, ambaye hakuna aliyemuuliza, alifuta mdomo. Akamwita mwanawe papa, yaani baba, kama wanavyofanya akina mama wa hapa.

"Papa, ile maji miye siiamini."

"Sasa juu ya nini unakunwa, mama?"

"Tangu uliingia mu mashimo, haukalake tena na miye. Sasa kila asubuhi unakala mpaka kikopo inaisha. Njo maana nakunwa polepole."

Mdogo wangu aliiepua sufuria kutoka kwenye mbabula, akatoka kwenda kutafuta gari.

Madaktari walimpasua Lubumbashi. Walitoa walichoweza kutoa, na kilichobaki wanakifuatilia. Upande mmoja wa uso ulilegea, maneno yakawa yanamjia kwa shida. Asubuhi ya kwanza aliyoruhusiwa kunywa, mdogo wangu alimletea maji ya moto katika kikombe kilekile. Maji matupu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mama alichungulia kikombe, akaona maji ni meupe. Akanywa funda moja, akakunja upande wa uso uliokuwa bado unakunjika, kisha akakiweka kikombe kifuani apumzike. Nilimwonea wivu mdogo wangu, sifichi.

Naye akavuta kiti karibu zaidi.

"Polepole, mama," akasema.