Mtoto wa Nani Anaimba

Baba yangu alikuwa Kubuya, mzaliwa wa milima ya Masisi. Mama yangu alikuwa Kahindo, aliyezaliwa ndani ya msitu wa Walikale. Mimi nilizaliwa Kashebere, mahali ambapo milima inaishia na msitu unaanza. Andika hivyo, mwanangu, wala usiongeze kitu. Sikusoma, lakini ninajua ninachosema.

Nataka kukueleza mwezi mmoja wa usichana wangu, wakati Wabelgiji walipokuwa bado wanatawala. Kaka yangu mkubwa, Bauma, alikuwa amekwenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kutafuta kazi ya mtoni, na tangu aondoke hatukupata neno lake. Kisha dereva mmoja wa lori akapita akisema kwamba mashua ya wafanyakazi imezama. Majina hakuyajua. Baba na ndugu zake wakakata shauri: mwezi ukiisha bila habari, tutanyoa nywele na kumlilia Bauma, na mke wake atarudishwa kwao. Mama alikuwa kwenye kinu. Alitwanga muhogo uliokwisha kuwa unga, akaendelea kutwanga.

Mwezi huohuo mwenye duka wetu, Papa Safari, alileta gramofoni kutoka Hombo. Usicheke. Ninyi mmezaliwa mkikuta sauti mifukoni. Sisi tulikizunguka kile kisanduku kama watu waliokuta nyoka njiani. Akaweka sahani ya nyimbo, akazungusha mpini, wanaume wakaanza kuimba, na mmoja wao alivuta mwisho wa neno sawasawa na Bauma alipokuwa akiita mbuzi. Mama aliangusha kikapu.

"Ni yeye! Njo Bauma wangu! Papa Safari, umuambie mama yake iko hapa!"

"Mama, huyu hasikie. Ni sahani tu."

"Mbona mimi ninamusikia?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hata mimi nilimsikia kaka yangu. Tulikimbia nyumbani, Baba akaamini, na ndizi za pombe ya furaha zikafukiwa shimoni ziive kabla jua halijatua.

Elewa vizuri tulivyokosea. Kwa watu wa mama yangu, habari zilisafiri kwa ngoma ya mti, kijiji hadi kijiji, na ngoma hailii bila mkono wa mtu aliye hai. Sauti ikifika, mwenyewe yupo. Hatukuwa tumewahi kusikia sauti inayomwacha mwenyewe nyuma.

Aliyetuzuia ni mjomba Mutia, kaka yake Mama, mpigaji wa ngoma hiyo. Alikuja, akalitazama shimo la ndizi, akauliza, "Aliimba siku gani?" Sisi hatukujua. Papa Safari naye alipoulizwa akasema, "Mi nilinunua tu, muzee. Hawakuniambia."

"Basi nitamuita mwenyewe," mjomba akasema.

Nami, kwa utoto wangu, nikamcheka. "Mujomba, ngoma yako imezeeka. Sasa watu wako na gramofoni."

Akanigeukia. "We mutoto, ile kitu inajua kusema. Inajua kuulizwa?"

Siku ile sikuinua macho tena.

Mjomba alipiga jina la ngoma la Bauma, kwa maana kila mwanaume alikuwa na lake. Kijiji kilichofuata kikalipokea na kulipeleka mbele. Tukangoja. Mama aliendelea kwenda dukani, na Papa Safari alimwekea sahani ingawa hakununua hata chumvi. Halafu siku moja Mama alirudi mapema, akaketi karibu na moto.

"Sirudi kule tena," alisema. "Anaimba vilevile kila mara. Nimemuambia wanataka kumulilia, yeye anaimba tu."

Uso wake wa saa ile ninao mpaka leo.

Mwezi ulikuwa umekonda, karibu kuisha, ngoma ilipolia kutoka upande wa Hombo. Mjomba alisimama kusikiliza, mkono juu ili tunyamaze. Kisha akaushusha. "Ameitika," akasema. Bauma alikuwa ameiacha kazi ya mto zamani. Alikuwa akipasua mawe ya barabara, akiona haya kurudi mikono mitupu. Akafika juu ya lori la mafuta ya mawese, amekonda, mzima.

Mama hakumwacha hata anywe maji. Alimvuta mpaka dukani, asikie sauti yake mwenyewe. Bauma akaisikiliza sahani yote, akacheka sana.

"Mama, mie? Sijaimba mu hiyo kitu hata siku moja. Huyu simujui."

Tukaangua kicheko sote, na Papa Safari zaidi yetu. Mama peke yake hakucheka. Aliinama karibu na kisanduku, akauliza polepole:

"Basi huyu ni mutoto wa nani?"

Tangu hapo, kila mara sahani ile ilipowekwa, aliacha kazi iliyokuwa mkononi na kuisikiliza yote, kwa niaba ya mama mwingine ambaye hatukumjua.

Sasa sikiliza, mwanangu. Simu yako inakuletea sauti na picha usiku na mchana. Kitu kikifika, uliza kilisemwa lini, na ni nani unayeweza kumwuliza akakujibu. Na zile picha za watu waliolala barabarani wasioamka, ambazo vijana mnatumiana, usizipeleke mbele. Kila mmoja wao ana mama, na labda bado hajaambiwa.

Tunza swali la mama yangu. Mengine niliyosema yakikupotea, sitakulaumu. Hilo uwape watoto wako kwa mdomo, jinsi alivyoliuliza. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwa wanaokungoja.